Yusufu na Siku ya Bumu

Vijana wangu mlioko vyuoni, bumu, ile posho ya mkopo, si mshahara! Bumu ni deni. Mmelisaini kwa mkono wenu, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, inayo majina yenu.

Siku linapoingia, chuo kizima hugeuka harusi. Chipsi kuku mpaka usiku wa manane, viatu vipya, bodaboda kwa safari ya kutembea dakika kumi. Wiki ya nne hao hao wanapiga pasi ndefu, mlo mmoja kwa siku, na mtihani uko mlangoni. Inaniuma, kwa maana nani aliyewahi kuelewa takwimu akiwa na njaa?

Msikilizeni Yusufu. Wa Biblia na wa Qur'ani ni yule yule mmoja. Mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda. Yusufu, wakati huo mfungwa, hakuishia kuifasiri ndoto, alitoa bajeti. Katika kitabu cha Mwanzo anashauri sehemu ya tano ya mavuno iwekwe ghalani. Katika Sura Yusuf anaagiza nafaka iachwe katika masuke yake, ila kidogo cha kuliwa. Tazameni hekima ya masuke! Iliyokwisha kupukuchuliwa inaita chungu. Iliyo kwenye suke inakudai kazi kwanza. Basi na fedha yenu iacheni kwenye suke: katika akaunti isiyo na kadi, katika vipande vya mfuko wa uwekezaji, kwa mweka hazina wa kikoba asiyeogopa kukukatalia. Isikae kwenye simu, pale vidole vinapoifikia usiku.

Hesabuni pamoja nami. Tangu mwaka 2022 posho ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Kwa siku 60 ni laki sita. Ondoa laki moja ya chumba. Zimebaki laki tano, yaani kama 8,300 kwa siku. Ukinunua simu ya laki tatu ili ufanane na wenzako, umetoa chakula cha siku 36. Wachumi huiita gharama ya fursa: bei ya kitu ni kile ulichokosa kwa kukinunua. Muuzaji hataiandika kwenye risiti. Iandike wewe.

Na ukishakwama ndipo kausha damu anapobisha hodi, naye anakuja kwa upole. Umekopa 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza unadaiwa 120,000. Hukulipa? Wa pili ni 144,000, wala si 140,000: zile 4,000 ni riba iliyozaliwa na riba. Endelea kukaa kimya, na mwezi wa kumi na mbili deni limepita 890,000! Hujaongeza hata kijiko cha wali, nalo limekaribia kuwa mara tisa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzifungia programu 69 za mikopo zilizofanya kazi bila leseni. Zikizaliwa nyingine kwa majina mapya, zikimbieni. Mkopeshaji anayetaka kwanza kusoma namba zote za simu yako anajiandaa kukuaibisha mbele ya mama yako.

Mkopo wa Bodi hauko hivyo, na ninawasihi msiuweke kapu moja na ule wa kausha damu. Mwaka 2021 Serikali iliifuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyokuwa ikiwanenepeshea wadaiwa madeni. Mkiajiriwa mtakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi: kwenye 800,000 zinaondoka 120,000 kabla hujazigusa. Pangeni maisha kwa ile 680,000, na hata hiyo itapunguzwa na kodi na mfuko wa pensheni. Anayechukua chumba cha kifahari kwa kutazama 800,000 amerudi kwenye ndoto ya mfalme, na ng'ombe waliokonda wamekwisha kuingia.

Nanyi mliohitimu, mkajiajiri, mkadhani hamwonekani! Marejesho ni sehemu ya fungu linalowakopesha wanaoingia mwaka wa kwanza. Yupo binti aliyemaliza kidato cha sita, baba hana, shamba ni robo eka, anasubiri orodha ya waliopata mkopo. Nendeni Bodi wiki hii, ombeni taarifa ya deni lenu, mkaanze kulipa.