Msiyalalie Maumivu ya Chini ya Mbavu

Wanangu, nimezeeka wodini nikihesabu mapigo ya wagonjwa, na kuna jambo nataka mlisikie mapema. Maumivu makali yanayobana chini ya mbavu za kulia, yakapanda hadi begani, hasa usiku baada ya mlo wa mafuta, msiyamezee vidonge vya gesi mkalala. Huenda ni mawe kwenye mfuko wa nyongo, na mfuko huo ukivimba unaweza kuusumbua hata moyo.

Kuna neva iitwayo vagasi. Hutoka kwenye ubongo, ikapita shingoni, ikatoa matawi kwa moyo na kwa viungo vya tumboni, mfuko wa nyongo ukiwamo. Mfuko ukivimba, taarifa hupanda kwenye ubongo, na amri ya kupunguza mwendo huweza kushuka kwenye moyo. Mapigo ya mtu mzima aliyetulia ni 60 hadi 100 kwa dakika. Mgonjwa wa nyongo iliyovimba aweza kushuka chini ya 50, akashikwa na kizunguzungu, hata akazimia. Kwa kawaida homa na maumivu huyapandisha mapigo. Ukimkuta mtu anaungua homa huku moyo wake unakwenda polepole, usisubiri kuche. Mapigo haya ya polepole yanayoletwa na nyongo madaktari huyaita dalili ya Cope, kwa jina la Zachary Cope, daktari mpasuaji wa Uingereza ambaye kitabu chake kuhusu maradhi ya ghafla ya tumbo kilitoka mwaka 1921.

Upande wa pili ndio unaonitisha zaidi. Shambulio la moyo nalo hujificha tumboni, likaja kama kichefuchefu, kiungulia na maumivu ya chembe cha moyo. Na nyongo iliyovimba huweza kuvuruga mchoro wa umeme wa moyo hadi ukafanana na wa moyo uliokosa damu. Kwa hiyo msikubali kubahatishiwa. Ombeni moyo upimwe kwanza, kwa mchoro na kwa damu, kisha tumbo lipigwe altrasaundi.

Nanyi wenye selimundu, msidhani haya ni ya wazee. Chembe zenu nyekundu za damu huvunjika upesi, na rangi inayobaki hujijenga kuwa mawe, hata kwa watoto.

Nyongo ikishatibiwa, au mfuko ukishatolewa, mara nyingi mapigo hurudi sawa. Yasiporudi, huenda moyo una ugonjwa wake. Nendeni kliniki ya moyo na mchoro ule wa kwanza mkononi.