Skwea na Ukuta Uliopinda

Mtu akiniuliza anunue nini kwanza ili aanze useremala wa nyumbani, huwa anategemea nitamtajia msumeno au randa. Mimi namwambia kipimo cha pembe. Msumeno mbovu utakuchosha tu. Kipimo kibovu kitakudanganya, tena polepole, ubao mmoja baada ya mwingine, mpaka siku unaunganisha kabati ndipo unaona mlango haufungi.

Haya, kipimo kipi? Hapo ndipo useremala wangu wa Jumamosi uliponiingiza kwenye swali ambalo linanisumbua hata kazini, kwenye uandishi wa habari.

Kuna skwea ya kawaida: ubapa wa chuma uliofungwa kwenye mpini kwa nyuzi 90. Haichezi wala haibembelezeki. Halafu kuna ndugu yake, ambaye ubapa wake unazunguka kwenye skrubu. Unailegeza, unaiegemeza kwenye kona yoyote ile, unaikaza, kisha unahamishia pembe hiyo kwenye ubao wako. Haina namba. Haijui kama kona ni nyuzi 88 au 93. Inajua tu kwamba iko hivi. Kuna pia kipimapembe, kile tulichokijua shuleni au cha kisasa chenye kioo cha namba. Hicho kitakutajia nyuzi hadi desimali, lakini hakitakuambia uikubali pembe hiyo au uikatae.

Kama hujawahi kufunga shelfu kwenye kona ya nyumba, unaweza kusema skwea inatosha. Nyumba zetu nyingi, lipu imepigwa kwa jicho. Kona ikipotoka kwa nyuzi moja tu, kwenye ubao wa sentimita 60 unapata mwanya wa zaidi ya sentimita moja. Ubao wako uko sawasawa kabisa, na bado mende anapita nyuma yake. Fundi mmoja mzee pale Keko aliwahi kuniambia, "Kijana wangu, ukuta haubishani na skwea. Unaiachia tu mwanya."

Aristotle aliliona jambo hili zamani sana. Katika kitabu cha tano cha Nicomachean Ethics anazungumzia rula ya risasi waliyotumia wajenzi wa kisiwa cha Lesbos. Risasi ni laini, kwa hiyo rula ile ilijikunja kufuata umbo la jiwe. Aliitumia kueleza kwa nini haki inahitaji kitu cha ziada kuliko sheria: sheria husema kwa ujumla, na maisha huleta mambo ambayo mtunga sheria hakuyafikiria. Mwadilifu, kwake, ni yule anayejua kuirekebisha sheria pale ujumla wake unapopungukiwa.

Nikiisoma hoja hiyo naikubali. Nikifika ofisini naiogopa.

Dawati letu lilikuwa na kanuni moja fupi: aliyefikishwa mahakamani anatajwa jina. Wiki moja walikuja watu wawili. Wa kwanza alikuwa mama, mwanawe wa miaka 19 anashtakiwa kwa kuiba betri ya pikipiki. "Mwanangu," aliniambia, "ukiliandika jina lake leo, kesho nani atampa kazi?" Nikamwambia, "Mama, nimekusikia, nitaongea na mhariri." Siku mbili baadaye akapiga simu wakili wa mtu mwenye cheo, mteja wake anashtakiwa kwa fedha za umma. Naye aliomba jina lisitajwe. Naye alisema habari za familia na watoto. Tena alisema vizuri kuliko yule mama, maana ndiyo kazi yake.

Ukishika skwea peke yake, unawataja wote wawili na unalala usingizi. Ukishika ile ya kulegea, unamhurumia anayekulilia vizuri zaidi. Na hapo ndipo hatari ya rula ya risasi ilipo: inafuata jiwe lolote, hata lililochongwa vibaya makusudi. Mtu aliyezoea kipimo hicho peke yake hataona tena kwamba kuta zimepinda. Kila kitu kitakaa vizuri, na nyumba itazidi kwenda upande.

Kilichonisaidia ni namna mafundi wanavyoipima skwea yenyewe. Maana swali lazima liulizwe: nani anampima mpimaji? Jibu lao halihitaji skwea nyingine ya bei kubwa. Unachukua ubao wenye ukingo ulionyooka, unaegemeza mpini wa skwea, unachora mstari. Kisha unaigeuza skwea upande wa pili, unachora tena kuanzia pale pale. Mistari ikilaliana, skwea ni nzima. Ikiachana, mwanya unaouona ni kosa la skwea mara mbili. Yaani kifaa kinajishtaki chenyewe, na kinajishtaki kwa sauti, mradi ukubali kukigeuza.

Basi na kanuni igeuzwe. Tukilificha jina la kijana huyu kwa sababu ni mdogo, shtaka ni dogo, na umma haupati faida yoyote kulijua, je, tutakubali sababu hizo hizo kwa kijana wa tajiri aliyeiba betri? Ndiyo. Je, tutazikubali kwa kijana tusiyempenda, wa mtaa usiotuhusu? Ndiyo. Sababu za wakili nazo tukazigeuza: kama familia na watoto vinatosha kuficha jina, basi hakuna mtu mwenye cheo atakayetajwa tena, na wananchi ambao fedha ni zao hawatajua nani alikabidhiwa. Mistari ikaachana. Mhariri alikubali, kanuni ikaandikwa upya, jina la kijana halikutoka, la yule mwingine likatoka.

Ona kwamba kanuni mpya si laini kuliko ya zamani. Imechukua pembe nyingine, halafu skrubu imekazwa. Hilo ndilo sharti la kile kipimo cha kulegea: ukishakamata pembe, unakaza kabla ya kugusa msumeno. Asiyekaza hafuati ukuta. Anabahatisha.

Wapenzi wa fasihi mnaijua habari hii kwa jina jingine. Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, mjadala wa vina na mizani ulikuwa unawaka, na kuna waliosema mashairi yasiyofuata arudhi si mashairi. Lakini tuna neno la shairi lililokosea vina au mizani: guni. Mimi naona tofauti kubwa kati ya guni na shairi huru. Guni linadai kuifuata skwea na halifiki. Shairi huru halikudai hivyo; limechagua pembe yake, na tunayo haki ya kuliuliza kama limeikaza mpaka ubeti wa mwisho. Ukilipima la pili kwa kosa la la kwanza, umekosea kipimo.

Bado kuna kitu hakijakaa sawa moyoni. Kanuni yetu ilibadilika kwa sababu mama mmoja alipata nauli ya kuja ofisini. Na wale ambao mama zao hawakuipata? Kuigeuza skwea kunaonyesha kosa lililomo ndani ya skwea. Hakuonyeshi kona ya chumba ambacho hujawahi kuingia. Kwa hilo sijaona kifaa dukani. Inabidi mtu atoke akaangalie kuta, hasa za wale wasiopiga simu.

Kwa hiyo, msomaji unayetaka kuanza, ushauri wangu ni huu. Nunua skwea kwanza, ili ujue ukuta umepinda. Ijaribu dukani hapo hapo kwa penseli na kipande cha ubao, na muuzaji akinuna mwache anune. Ukipata hela nyingine, nunua ile ya kulegea, ili shelfu ya mwenye nyumba iliyopinda nayo ikae bila mwanya. Na kabla hujailipia, kaza skrubu yake, kisha ubapa uusukume kwa kidole. Ukicheza, irudishe.