Mtoto wa Selimundu na Ulimi Wetu

Mara ngapi tumekaa matangani, huku Kilwa Masoko au Lindi mjini, tukasikia ikinong'onwa kwamba mama wa marehemu ana mkosi, kwa kuwa huyu ni mtoto wake wa pili kufa? Sisi waumini tumekuwamo katika minong'ono hiyo. Wanafunzi wa Bwana nao, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kwanza kumjua mwenye dhambi, na Bwana hakuwapa.

Selimundu hurithiwa kwa baba na mama. Kila mmoja wao akiwa na jeni moja tu ya ugonjwa, huonekana mzima, lakini kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Jeni hiyo imeenea pwani yetu kwa sababu mwenye moja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Basi kinachomuua mtoto huyu ndicho kilichowaokoa babu zake. Tumtafute wapi mkosaji hapo?

Kuna jambo linalotushangaza zaidi. Mtoto huyo huzaliwa hana maumivu, na kwa kawaida hayaanzi mpaka apate miezi kadhaa. Kwa nini? Ndani ya seli moja mna uzi wa DNA wenye urefu wa mita 2 hivi, umeshindiliwa katika kiini kisichoonekana kwa macho. Umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kisha ukakunjwa tena na tena, kama mvuvi akunjavyo wavu ndani ya ngalawa. Palipolegea husomeka, na jeni hufanya kazi, palipobanwa hunyamaza. Mtoto akiwa tumboni, jeni ya himoglobini ya uchanga iko wazi, nayo haina kasoro. Akishazaliwa hufungwa taratibu, na ile ya ukubwani, yenye kasoro, hushika zamu. Ile ya kwanza haikufutwa. Imo, imekunjwa. Dawa ya haidroksiyurea huiongeza tena himoglobini hiyo ya uchanga kwa wagonjwa wengi.

Wapo watakaokimbilia kuhubiri kwamba mkunjo huo ni kidole cha Mungu. Taratibu, ndugu. Ukunjaji huohuo unaomfungia mtoto huyu jeni njema ndio unaozifanya seli za jicho ziwe jicho na za ini ziwe ini. Hatuna jibu jepesi la kumpa mama yake.

Matangani rambirambi zilichangwa upesi. Miezi mitano kabla, mama yule alikuwa akitafuta nauli ya kumpeleka mtoto kliniki, nasi tulikuwa tukinong'ona.