Spea Ipo, Usiiuze Vespa kwa Kilo

Karibu kila mwenye Vespa ya zamani amewahi kuambiwa maneno haya, tena mara nyingi na mtu anayejiita fundi: "Hii achana nayo, spea zake hazipo tena." Yakishatamkwa, chombo kinasukumwa uani, kinafunikwa turubai, tairi zinakaa chini, na siku moja anapita mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake. Chombo kilichombeba baba kazini miaka ishirini kinaondoka kwa bei ya mabati. Nasema kwa sauti kubwa: spea zipo. Na nzuri zipo. Anayetaka kuziona lazima atafute kwa akili, na akatae kukatishwa tamaa na mtu wa kwanza aliyemkuta dukani.

Hebu tazama ukoo wenyewe. Vespa ya kwanza ilitoka mwaka 1946 katika kiwanda cha Piaggio, Pontedera, Italia, kwa mchoro wa Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege ambaye hakuzipenda pikipiki za wakati wake. Kufikia mwaka 2021 Vespa zilizotengenezwa zilikuwa zimepita milioni 19. Aina ya PX, iliyoanza kuuzwa 1977, imevuka milioni 3 peke yake. Kisha kuna India: Bajaj, hao hao waliotuletea bajaji za magurudumu matatu, waliunda Vespa kwa leseni miaka ya 1960, na leseni ilipokwisha mwaka 1971 wakaendelea na Chetak ya ukoo uleule hadi 2009. LML wa mjini Kanpur nao wakaunda za kwao kwa kushirikiana na Piaggio. Chombo kilichozaliwa kwa mamilioni katika mabara mawili kitakosaje pistoni? Kule Ujerumani na Italia kuna maduka makubwa yanayoishi kwa kuuza vipuri vya skuta za zamani tu, na watengenezaji kama Pinasco na Polini wanatoa silinda mpya hadi leo.

Basi anza na kuijua yako. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa kuinama ni kuinama kweli: toa shavu la kulia, lile linalofunika injini, chukua tambara lenye petroli, futa tope kwenye bodi mpaka herufi zionekane. Ukisoma VLX1T, hiyo ni PX ya cc 150. VNX1T ni ya 125. Nenda na kwenye injini yenyewe, nako kuna namba yake: herufi zinafanana, ila mwisho badala ya T utakuta M. Kama bodi inasema VNX1T na injini inasema VLX1M, ujue injini ilishabadilishwa zamani, na kila spea ya injini utakayoagiza kwa kufuata kadi ya chombo itakuja siyo. Watu wengi wamerudisha pistoni dukani mara tatu wakimlaumu muuzaji, kumbe jibu lilikuwa chini ya tope.

Piga picha namba zote mbili. Ukienda dukani, shika mkononi kile kipuri kibovu kilichotolewa, na uwe na kipimo cha venia. "Nataka ringi za Vespa" siyo oda.

Sasa twende ndani, maana hapa ndipo fedha za watu zinapotea. Krenki ya Vespa imekaa kati ya sili mbili za mpira. Sili ya upande wa klachi inazuia oili ya gia isiingie kwenye injini. Ikichoka, utaona moshi mweupe usiokoma, na ukipima oili ya gia utakuta imepungua ilhali chini hapana tone. Sili ya upande wa flaiwili inazuia hewa. Ikichoka hiyo, injini inavuta hewa ya wizi: unafunga mafuta lakini mlio unapanda wenyewe, plagi inatoka nyeupe, pistoni inapata joto kupita kiasi na siku moja inakamata ukiwa barabarani. Kila kitu hicho kinasababishwa na kijiduara cha mpira ambacho ni miongoni mwa spea za bei ndogo kabisa katika chombo kizima. Halafu mtu anaenda kuchagua ya bei ndogo zaidi! Ndugu yangu, hapana. Ishike sili mkononi. Mdomo wake wa ndani uwe laini, ukiukunja urudi wenyewe. Kispringi chake kiwe kimekaza pande zote. Vipimo viwe vimeandikwa usoni pake. Ikikosa kimojawapo, mrudishie mwenye duka kwa heshima na uende la pili.

Krenki yenyewe ndiyo inayohitaji moyo mgumu kuliko zote. Katika PX, ukuta wa krenki ndio unaofungua na kufunga njia ya petroli kutoka kabureta, ukipita karibu mno na uso uliochongwa ndani ya kasha la injini. Krenki mbaya, iliyopinda au iliyochongwa ovyo, itaukwaruza uso ule, na uso ukishakwaruzika, hasara imehamia kwenye kasha zima. Tena injini nyingi za LML zinapumua kwa njia nyingine, kwa vibati vinavyofunguka na kujifunga vyenyewe, kwa hiyo krenki yake haikufai kwenye PX, ambayo mfumo wake huitwa rotari, hata kama muuzaji anaapa. Muulize: hii ni ya vibati au ya rotari? Asipojua swali, hajui anachouza.

Ipo hazina moja ambayo wengi hawaijui, nayo ni bidhaa ya zamani ambayo haijawahi kutumika, iliyolala ghalani tangu enzi hizo. Ukikuta gia, ekseli au kasha la kabureta la namna hiyo, bado lina mafuta ya kiwandani na karatasi yake imegeuka rangi, lipa na ushukuru. Chuma cha wakati ule ni chuma. Lakini mpira wa umri uleule usiuguse. Sili, raba za injini, mabomba ya petroli na tairi vinazeeka hata vikiwa kwenye boksi. Tairi ina ushahidi wake ubavuni: tafuta tarakimu 4 kwenye kijiduara kirefu. 2223 maana yake ni wiki ya 22 ya mwaka 2023. Muuzaji anaweza kuipaka rangi ikang'aa, tarakimu zitabaki palepale.

Beringi ni rahisi kupatikana kuliko watu wanavyodhani. Nyingi ni za vipimo vya dunia nzima. Beringi iliyoandikwa 6204 ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje 47 na unene 14, iwe imetoka kwenye pampu ya maji au mashine ya kusaga. Soma namba, nenda duka la beringi, chukua ya kampuni inayoeleweka. Chache za upande wa krenki zina vipimo vya peke yake, hizo ndizo za kuagiza.

Na tusidharau mikono ya nyumbani. Gerezani, Dar es Salaam, kuna watu wanaochonga chuma kwa usahihi unaostahili heshima. Nairobi kuna Kirinyaga Road, Kampala kuna soko la Kisekka. Silinda iliyokwaruzika inachongwa upya ikaingia pistoni ya saizi inayofuata, na chombo kikarudi na nguvu zake. Sakafu iliyoliwa na chumvi, maradhi makubwa ya Vespa za Unguja na pwani yote, inakatwa na kuungwa bati jipya. Gasketi zinakatwa kwa karatasi yake maalumu. Hayo yote mpe fundi wa mtaani bila wasiwasi, ukimsimamia. Viatu vya breki, ekseli ya mbele na nati za magurudumu, hivyo usikubali vya kubahatisha hata uambiwe nini. Rimu ya Vespa ni vipande viwili vilivyoshikana kwa nati. Toa upepo wote kabla ya kugusa nati zile, maana tairi yenye upepo inaweza kuvirusha vipande hivyo usoni mwako. Kama nyuzi za nati zimelika, nunua mpya na halisi, leo.

Gharama ya kuagiza ndiyo inayowatisha wengi, na ni haki iwatishe, kwa kuwa sili mbili kutoka Ulaya zinaweza kusafiri kwa nauli inayozidi bei yake. Lakini wenye Vespa mtaani kwako mnajuana. Mnasalimiana kwa honi. Kaeni chini watano au kumi, kila mtu aandike namba ya bodi, namba ya injini na anachohitaji, mtoe oda moja, mgawane nauli. Mkifanya hivyo, hata muuzaji wa hapa nyumbani ataona kuna wateja wenye kujua wanachotaka, na ataanza kuleta kilicho bora.

Jambo la mwisho, na ninaliomba kwa dhati. Mafundi wazee wanaoijua injini hii kwa kusikia mlio wake tu wanazidi kupungua. Siku fundi wako atakapoifungua, mpeleke kijana mmoja akae kando yake, ashike taa, aandike, aulize kila kipuri kinaitwaje na kizuri kinatambulikaje. Mlipe fundi kwa muda huo wa kufundisha. Injini ya mipigo miwili ya Vespa ina sehemu chache, na kijana makini anaweza kuielewa yote. Mpeleke wiki hii, fundi bado yupo.