Mkono, Mashine na Amana ya Shahidi

Sisi tunaosoma sayansi tumezoea kuuliza njia ipi ni ya haraka. Leo nauliza njia ipi ni ya uaminifu.

Wanaochunguza umbo la protini huigandisha ghafla katika barafu nyembamba sana, kisha huipiga picha kwa hadubini ya elektroni. Elektroni nyingi huiharibu protini, kwa hiyo hutumika chache, na picha hutoka imejaa chenga kama za televisheni isiyoshika stesheni. Humo mtafiti anatakiwa kuchagua chembe za protini, mara nyingi maelfu kwa maelfu, ili zijumlishwe kupata umbo moja. Achague kwa mkono au aiachie programu?

Wanaotetea mkono husema jicho la mtaalamu halidanganyiki. Sikubali. Jicho huchoka, na huona upesi kile linachokitarajia. Wanaotetea programu husema mashine haina matamanio. Hilo nalo silikubali, kwa sababu mashine iliyopewa kiolezo hutafuta kinachofanana nacho. Mwaka 2013 Richard Henderson, ambaye baadaye alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2017, aliwakumbusha wenzake hatari hiyo: chukua picha 1,000 za chenga tupu, pangilia kila moja ifuate picha ya Einstein, kisha tafuta wastani wake. Uso wa Einstein utajitokeza! Hakuna aliyeghushi, ila kiolezo kimejizaa chenyewe.

Kwangu mimi, mtafiti ni shahidi. Sisi hatukuwapo maabara, na huenda dawa ikabuniwa kwa kutegemea umbo alilolitangaza. Shahidi huulizwa alichokiona, na huulizwa pia alikionaje. Kusema "programu ndiyo iliyochagua" si jibu. Mashine haibebi amana; anayeibeba ni aliyeiwasha.

Programu ningeitumia, kwani wingi ule haubebeki kwa mkono. Lakini ningeanza na chembe chache nilizozichagua mwenyewe bila kiolezo, nikague zilizotupwa kama ninavyokagua zilizochukuliwa, na niandike nilichokikataa na sababu yake, ili mwingine aweze kunikosoa.

Allah atujaalie tuwe mashahidi wa kweli, hata pale ukweli unapoiharibu picha tuliyokwisha kuipenda.