Mtu wa Kuwa Macho Yetu



Masomo ni mawili: Hesabu 10, mstari wa 29 hadi wa 32, na Mwanzo 42, mstari wa 23. Tunaomba kila nyumba iyasome kwanza, halafu iendelee na maneno yetu haya.

Musa alikuwa na wingu mchana na moto usiku. Mungu mwenyewe ndiye aliyemwongoza. Hata hivyo alimsihi Hobabu Mmidiani, mtu wa jamaa ya mke wake, asiwaache, kwa sababu yeye alijua pahali pa kupiga kambi katika jangwa lile. Angalieni vizuri, ndugu. Mtu mwenye wingu la Mungu juu ya kichwa chake hakuona haya kuomba macho ya mwenyeji. Lakini kati yetu wako wanaosema: tumesali, tumefunga, basi njia itajifungua yenyewe. Musa hakusema hivyo.

Tunaandika haya kwa sababu katika parokia zetu, kuanzia Kisangani na kupanda Lualaba mpaka Lowa, wengi ni watoto na wajukuu wa watu wa uhamisho. Historia mnaijua. Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Tarehe 3 Oktoba mwaka ule ule mahakama ya kijeshi ya Thysville ilimhukumu kifo na viboko 120. Mfalme wa Ubelgiji akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha, akapelekwa Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, akafa akiwa mfungwa tarehe 12 Oktoba 1951. Na waliomfuata, Bula Matari aliwatoa katika vijiji vyao na kuwatupa mbali. Kambi moja ya wale walioitwa watu wa hatari ilikuwa Lowa. Njia ilikuwa ni kuupanda mto mkubwa zaidi ya kilomita 1,700 mpaka Stanleyville, kupita maporomoko kwa reli mpaka Ponthierville, kisha mto tena. Wengine walirudi kwao, na Kanisa lilipata ruhusa ya serikali tarehe 24 Desemba 1959. Wengine walibaki, wakaoa huku, wakazikwa huku. Sisi tunaosema Kiswahili leo ni wao waliotuzaa.

Tulikuwa saba tuliokwenda. Nkamba haikutupa shida, kwa maana pale waamini hufika kutoka kila upande, na mtu akivua viatu vyake mlangoni amekwisha kueleweka. Shida ilianza tulipotoka Nkamba kwenda kutafuta vijiji vya babu zetu upande wa Manianga, kupita Kimpese na kuvuka mto kwa kivuko cha Luozi. Kule Yerusalemu ni mbali kidogo. Kule mtu anaulizwa: wewe ni nani?

Mungu alitupa watu wawili. Wa kwanza ni shemasi mmoja wa Kinshasa, mzaliwa wa Manianga. Barua yake ilitutangulia kwa miezi mitatu. Yeye ndiye aliyewaambia wazee kwamba tunakuja, tuko wangapi, na kwamba sisi hatunywi wala hatuleti pombe. Neno hilo si dogo. Kwa desturi ya Wakongo, mgeni anayetaka kusema na wazee huleta malafu, divai ya mchikichi. Kufika mikono mitupu ni matusi, na kufika na malafu ni kuvunja sheria ya Kanisa. Shemasi yule alijadiliana nao mapema, wakakubali vitambaa, chumvi, sukari na vinywaji vitamu. Sisi wenyewe tungefika, shauri lingekufa mlangoni.

Wa pili ni mama mmoja aliyezaliwa Likasi, akaolewa na Mukongo, naye amekaa Luozi zaidi ya miaka 20. Kiswahili chake cha Katanga kilituchekesha, na chetu kilimchekesha yeye zaidi. Kabla ya kukaa na wazee alituambia mambo mawili. La kwanza: nitatafsiri kila neno, hata lile chungu, msinikasirikie. La pili: msinong'onezane mbele yao, wengi wanajua Lingala, na mzee mmoja alikuwa askari, huenda Kiswahili anakisikia. Ndipo tulipolielewa somo la pili. Ndugu za Yosefu walisema maneno yao ya siri mbele yake kwa kuwa mtafsiri alisimama katikati, wakadhani yule mkubwa hasikii. Naye alisikia yote, akageuka akalia.

Basi tukakaa chini ya mti. Ndugu yetu mmoja alikuwa na jina la babu yake kwenye karatasi, jina la kijiji, na mwaka. Alisimama akasema: mimi ni mtoto wa hapa. Mzee akauliza neno moja. Mama akanyamaza kidogo, halafu akalitafsiri lilivyo: "Umekuja kutafuta udongo?"

Hatukujua la kujibu. Mama akamwomba mzee ruhusa ya kutueleza, na hapo alifanya kazi ambayo kamusi haiwezi. Alisema: wapendwa, huku hawahesabu kwa baba. Ukoo, ambao wao wanauita kanda, ni wa mama. Ardhi ni ya kanda, na mwenye neno ni ngwa nkazi, ndiye mjomba. Babu yako alikuwa wa kanda hii, ndiyo. Lakini watoto wake ni wa kanda ya mama yao, na mama yao alikuwa nani? Ndugu yetu akajibu: Mukumu, wa kule kwetu.

Tulimwona uso wake. Huku Mashariki tunahesabu kwa baba, na tangu utoto watu walimwita Mukongo, hata katika siku mbaya za vita walimwambia arudi kwao. Kule kwao wanahesabu kwa mama, wakamwita mtu wa Mashariki. Alikuwa amesafiri siku nyingi ili aambiwe kwamba pande zote mbili mlango ni wa pili.

Hapo mzee aliendelea polepole, na mama akamfuata neno kwa neno. Alisema: wewe ni ntekolo, mjukuu wa kanda. Ntekolo hauzi ardhi wala hairithi. Lakini anakula hapa, analala hapa, na siku ya kilio ana kazi yake ya heshima ambayo sisi wenye kanda hatuwezi kuifanya. Kisha akauliza lile alilokuwa amelingoja, tunadhani, tangu alipokuwa kijana: "Mlimzika wapi?"

Ndugu yetu akamwambia: Lowa, juu kidogo ya mto, chini ya miembe. Mzee akarudia jina hilo mara tatu ili alishike. Tukakumbuka Nehemia mbele ya mfalme wa Uajemi: jambo aliloweka mbele lilikuwa mji wa makaburi ya baba zake. Wako wahubiri wanaosema kwamba mkristo mwenye makao mbinguni hana haja na vijiji vya dunia. Sisi hatukubali. Naomi alirudi Bethlehemu, na hatusomi pahali popote kwamba Mungu alimkemea.

Na dada mmoja aliyekuwa nasi hakuwa na karatasi yoyote. Alikuja kwa kusindikiza tu. Mzee mwanamke akamwuliza jina la mama yake, na la nyanya yake mzaa mama. Nyanya huyo alikuwa mwanamke wa Manianga aliyemfuata mume wake uhamishoni. Dada akataja jina lake, na neno moja la Kikongo ambalo nyanya alilisema kila alipomlaza mtoto, bila dada kujua maana yake. Wanawake wakapiga vigelegele kabla mama hajatafsiri. Neno lile lilikuwa luvila, jina la kanda yao. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye nyumba.

Mama yetu wa Likasi aliacha shamba lake siku nne kwa ajili yetu. Tulimlipa siku zake, na watakaokwenda baadaye wasimfanye mtumishi wa bure, hata kama anakataa fedha mara ya kwanza.

Safari nyingine inatayarishwa kwa kiangazi cha kule, kati ya Juni na Septemba, wakati barabara za Luozi zinapitika. Wanaotaka kwenda walete kwa mashemasi majina ya nyanya zao wazaa mama, siyo ya babu peke yake, pamoja na neno lolote la Kikongo mlilosikia nyumbani, hata kama hamjui maana yake. Waulizeni wazee wiki hii. Ndugu yetu amekwisha kupanda Lowa kusafisha kaburi, ili picha yake ipelekwe kwa mzee, na dada huyo hupiga simu Manianga kila Jumapili baada ya ibada, bado kwa msaada wa yule mama.