Mwajiri wa Fundi Ni Nani?

Kabla ya mapambazuko, steji za Pipeline, Tassia na Fedha hujaa watu wanaokwenda kazini katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA) jijini Nairobi. Wawili wanaweza kuketi pamoja kwenye matatu, wakapita lango moja, wakashika spana chini ya ndege ile ile. Mmoja mshahara wake unatoka kwa shirika la ndege. Mwenziwe analipwa na wakala aliyemleta. Wa kwanza akidhulumiwa anajua mlango wa kubisha. Wa pili akilalamika kwa shirika huelekezwa kwa wakala, naye wakala husema masharti yanapangwa na shirika.

Kwa mwanasheria hilo ni suala la mkataba. Kwa imamu au padri wa Embakasi ni zito kuliko hapo: je, deni la mtu kwa mtu mwenziwe linaweza kuhamishwa kwa karatasi?

Kiswahili chenyewe kina la kusema. Ajira, ujira na mwajiri yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na kwa mzizi huo huo Waislamu hutaja malipo ambayo Mungu humwekea mja wake. Mafundisho ya Mtume yanataka kibarua alipwe jasho lake halijakauka. Tena yanaonya kwamba anayechukua kazi ya mtu kikamilifu kisha akamnyima ujira wake, Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wake Siku ya Kiyama. Katika kesi hiyo ni vigumu kuona mtu akijitetea kwa kusema, "Muulizeni wakala."

Papa Yohane Paulo II alilikabili jambo hili moja kwa moja katika waraka wake wa 1981, Laborem Exercens. Alimtofautisha mwajiri anayefunga mkataba na mfanyakazi, na yule mwajiri wa nyuma ya pazia: watu, taasisi na sera zinazoamua mkataba huo utakuwaje. Huyu wa pili naye ana wajibu. Papa alikuwa akiwazia zaidi serikali na uchumi wa dunia, lakini maelezo yake yanalikaa shirika linalokodi mafundi kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake.

Ndani ya hanga mambo ni kinyume kabisa. Ndege haitoki kwenye matengenezo mpaka mhandisi mwenye leseni aweke sahihi kuthibitisha kwamba iko salama. Ikipata hitilafu angani, wachunguzi watafungua kumbukumbu hizo na kusoma jina lake. Lawama haina wakala. Jukumu la fundi lina jina. La mwajiri limekatwakatwa vipande hata halina wa kuliokota.

Uwanja wenyewe una historia ya jasho lisilolipwa. Ulipofunguliwa mwaka 1958 kwa jina la Embakasi, ulikuwa umejengwa kwa nguvu za wafungwa wa enzi ya Mau Mau. Aliyewatumikisha alijulikana vizuri. Ujira ndio haukuwepo. Kule kwenye mitaa ya Makongeni na Muthurwa jijini, reli ilikuwa mwajiri na mwenye nyumba kwa wakati mmoja, kwa hiyo kupoteza kazi kulikuwa pia kupoteza paa. Hakuna wa kuzitamani enzi hizo, ingawa mfanyakazi alijua angalau agomee lango lipi.

Shirika la ndege la Kenya Airways lilipopunguza wafanyakazi mwaka 2012, chama chao kilikwenda mahakamani. Desemba mwaka huo Jaji Linnet Ndolo aliamuru 447 warudishwe. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikaifuta amri hiyo. Novemba 2017, mafundi walipogoma wakidai mishahara bora, zaidi ya mia moja walifutwa kazi. Shirika nalo lina hoja yake: katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2016 lilikuwa limepata hasara ya shilingi bilioni 26.2, na shirika likifa, fundi wa kudumu na wa wakala hulala njaa pamoja. Hoja hiyo inaeleza kwa nini gharama zipunguzwe. Haielezi kwa nini anayenufaika na kazi aache kuwa mdaiwa wa aliyeifanya. Jaji James Rika aliligusa hilo mwaka 2013 katika kesi ya kampuni ya Wrigley, alipoonya kwamba kazi isipelekwe kwa wakala kama njia ya kukwepa wajibu kwa wafanyakazi.

Swali la nani mwajiri lilirudi JKIA tarehe 11 Septemba 2024. Chama cha wafanyakazi wa anga, KAWU, kiliitisha mgomo kupinga mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani ya India uwanja huo kwa miaka 30, na abiria wakakwama usiku kucha. Novemba Rais William Ruto aliufuta mpango. Lakini jioni ile ya Septemba hakuna aliyejua utafutwa. Wafanyakazi walirudi kazini baada ya serikali kukubali, pamoja na mengine, kwamba chama kipewe nyaraka, kikazisome.